Waya wa Shaba na Maneno ya Barazani

Vijana wa laini,

Siku mliponiaga mlinipa kiti cha kukunja, mkanitaka niseme maneno machache. Nilisema asante nikakaa, kwa sababu maneno niliyokuwa nayo moyoni hayakufaa kusemwa mbele ya chai na maandazi. Sasa niko nyumbani Busi, magoti yamegoma kupanda hata kichuguu, na karatasi ninazo. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye majalada, na aliyetaka kuyajua bila shaka ameshayachungulia. Miaka ya Waingereza nayo naiacha, maana walileta waya mpya na masengenyo yaleyale. Nitaandika miaka ya Mjerumani, nilipokuwa fundi wa waya wa simu Dodoma, na zaidi nitaandika yaliyompata Mzee Ndahani. Nina hasira nayo mpaka leo, kwa hiyo msitegemee maandishi ya kupendeza.

Kazini niliingia kwa sababu ya miguu. Nilikuwa nimefika Dodoma na wenzangu kutoka Kondoa, tumebeba samli na tumbaku za kuwauzia watu wa reli, na Mzungu wa simu, tuliyemwita Bwana Ndevu, alikuwa anatafuta watu. Alitupanga mbele ya nguzo ya chuma akatuambia tupande. Wenzangu waliteleza mmoja mmoja wakarudi chini wakicheka. Mimi nilifika juu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama najua kushuka, na nilikaa huko nimeikumbatia nguzo mpaka mzee mmoja Mgogo akaja akasimama chini yangu.

"Mguu wa kushoto kwanza," aliniambia taratibu. "Usinitazame mimi. Mimi siendi popote."

Huyo ndiye Ndahani. Alikuwa mtu wa Mkonze, mwembamba, masikio yametobolewa na kuvutwa kwa vigingi kama walivyofanya wazee wa Kigogo, na ananukia samli na moshi. Alikuwamo miongoni mwa waliobeba marobota ya kwanza ya waya kabla gari la moshi halijafika Ugogo. Bwana Ndevu alinikabidhi kwake siku ileile, bila kumuuliza kama anataka mwanafunzi.

Alinifundisha kwa maneno machache na kwa kunirudisha juu ya nguzo. Nilipokosea kufunga kikombe cha kauri kinachoshika waya, alinyoosha kidole juu, nami nikapanda tena. Alinifunga koleo mkononi kwa ukanda wa ngozi, kwa sababu koleo likianguka utashuka kulifuata na kupanda tena, na kwa jua la saa sita pale hupandi mara mbili kwa kupenda. Tulipofika mahali waya ulipokatika, mimi nilikuwa natazama juu. Yeye alitazama chini kwanza, kutafuta nyayo. Mara nyingi alikuta za twiga.

Mliokuja baadaye hamjui taabu ya twiga. Wale wanyama walikuwa wanatembea usiku na mchana kwenye pori kati ya stesheni na stesheni, na shingo zao ziko kimo kilekile cha waya wetu. Twiga akiuvaa waya hasimami kufikiri, anaendelea kukimbia. Sasa hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu habari yote inasimama juu ya jambo hili. Waya wa shaba ukivutwa na shingo ya twiga haukatiki mara moja. Unavutika kwanza, unakuwa mwembamba, kisha ndipo unaachia, na ncha yake inabaki imechongoka. Sehemu hiyo imekwisha nguvu. Ukiunga pale pale, kesho kutwa utarudi. Kwa hiyo unapima urefu wa mkono kutoka kwenye ncha, unakata kwa koleo na kuitupa sehemu iliyochoka, halafu unaunga kwa waya mpya. Kile kipande kilichokatwa tulikiita mkia. Upande mmoja wa mkia umechongoka, upande wa pili ni bapa kama koleo lilivyouacha.

Mikia hiyo Ndahani alikuwa na matumizi nayo. Sheria ya Mjerumani ilisema waya ukikatika na kipande kikapotea, jumbe wa kijiji cha karibu anatozwa faini na watu wanachapwa. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Mchungaji akiuona waya umelala chini alikuwa anageuza ng'ombe wake na kwenda njia nyingine, kusudi asionekane karibu. Waya unakaa chini siku tatu, simu hazipiti, Wazungu wanapiga kelele, nasi tunatembea laini nzima kutafuta palipokatika. Ndahani alikomesha ujinga huo bila kumpigia mtu kelele. Aliwaambia watu wa vijiji vya Kikuyu, Mkonze na vya mbele yake kwamba yeyote atakayekuja mbio kutoa habari atapewa mkia wa waya uleule, avae mkononi kama bangili. Akaweka sharti moja. Ile ncha iliyochongoka isipondwe wala isisuguliwe, ikae nje ionekane, ili kila mtu ajue kwamba huyu hakuiba, huyu alileta habari.

Ikawa heshima. Wanawake walipimana kwa bangili hizo. Waya ukikatika asubuhi, saa sita tunajua ni nguzo gani. Bwana Ndevu aliambiwa, akacheka ndani ya ndevu zake, akasema, "Vizuri, endelea." Alisema kwa mdomo. Hakuna kati yetu aliyefikiri kumwomba aandike, na kosa hilo ni letu, mimi na Ndahani. Bwana akihama, maneno yake anahama nayo. Kama mnalo jambo mliloruhusiwa na mkubwa, mfuateni na karatasi kabla hajafunga sanduku.

Sasa barazani. Mbele ya ofisi ya simu kulikuwa na baraza yenye kivuli, na hapo tulikunywa kahawa kazi ikipungua. Mwenye baraza alikuwa Karani Abdalla, aliyepokea na kupeleka simu na kumtafsiria Mzungu pale Kiswahili kilipomshinda. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti laini, asiyemtukana mtu kamwe. Siku moja alimwomba Ndahani waya wa kuning'iniza chandarua. Ndahani akamjibu, "Mikia ni ya waliokimbia juani kuleta habari. Wewe, karani, umekimbia kutoka wapi?" Watu wakacheka. Karani naye akacheka, na tangu siku ile akaanza.

Hakuanza kwa uongo, angalieni. Alianza kwa kusema kweli na kushusha sauti. "Ndahani anawagawia watu waya," alisema, kisha akatazama pembeni. Mpishi wa Bwana akaongeza kwamba Ndahani amepata ng'ombe wapya. Alikuwa amepata kweli, kwa mahari ya binti yake, lakini hilo halikuongezwa. Askari wa zamu akauliza mbona waya unakatika zaidi zamu ya Ndahani. Haukuwa unakatika zaidi, ila yeye ndiye aliyekuwa anajua mapema. Kila mmoja alichangia kidogo, kwa moyo mwepesi, na kahawa ikaendelea kumiminwa.

Na mimi nilikuwapo. Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikamtetea mwalimu wangu. Nilikuwa nimejaza kashata mdomoni, na wote walikuwa wananitazama nami nikataka kuwachekesha. Nikasema, "Mzee anawapigia twiga mluzi. Wanakuja kukata waya kama ng'ombe wanaokuja kunywa maji." Baraza lote liliangua kicheko, Karani Abdalla akanipiga begani. Nilifurahi sana siku hiyo. Nikikumbuka furaha ile, naona haya kuliko jambo lolote nililofanya kazini.

Haukupita muda Bwana Ndevu akahamishwa, akaja Bwana Miwani. Alikuwa kijana, mkavu, anajua Kiswahili cha kujifunza kitabuni, kila neno mahali pake na hakuna hata moja la kucheka. Nasi tulifanya wanavyofanya wafanyakazi wajinga mkubwa mpya anapofika: tulikaa mbali tumsome kwanza. Ndahani alikwenda zake kwenye laini. Mimi nilikwenda kusafisha vikombe vya kauri visivyokuwa vichafu. Aliyembebea mkubwa mizigo, akamwonyesha mahali pa kuoga na kumweleza nani ni nani, alikuwa Karani Abdalla. Siku nne alikuwa naye peke yake. Siku ya tano Bwana Miwani alikuwa anatujua wote, kama Karani Abdalla alivyotaka atujue.

Alipanda punda kukagua laini, akafika Mkonze, akaona bangili ya shaba mkononi mwa mchungaji mmoja. Aliivua kwa mkono wake mwenyewe. Jioni ile Ndahani akakamatwa ngazi ikiwa bado begani, akafungwa mnyororo wa shingo pamoja na wafungwa wanaobeba mawe ya barabara. Ikatangazwa kwamba uchunguzi ukiisha, Jumamosi ya wiki itakayofuata, atachapwa viboko ishirini na vitano mbele ya watu kisha arudi kwenye mnyororo. Mliozaliwa baadaye mnaweza kuhesabu ishirini na tano haraka. Kwa mgongo wa mzee kama yule haikuwa adhabu, ilikuwa kumzika.

Nilikaa kimya siku tatu. Nilijiambia kwamba kweli itajulikana yenyewe. Sijui kweli ilitakiwa ijulikane vipi wakati sisi tulioijua tulikuwa tunakunywa kahawa. Siku ya nne nilimwona akipita na jiwe kichwani, mnyororo umemchuna shingo, na nzi wamekaa hapo. Aliniona. Nilimwambia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, Iddi. Nguzo ya pale korongoni kikombe kimepasuka, usisahau." Askari akamsukuma. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kwa hasira, na hasira ile sikujua nimwelekeze nani kwanza.

Nilianza vibaya. Nilikwenda kwa Karani Abdalla kumwomba anipeleke kwa Bwana, kwa kuwa ndiyo ilikuwa taratibu.

"Bwana Iddi," alisema kwa sauti yake ile, "mimi mwenyewe roho inaniuma. Lakini Bwana hana nafasi. Ukimsumbua sasa utamharibia mzee zaidi. Niachie mimi."

Nilimwachia siku mbili nzima. Nilipomuuliza tena alisema Bwana amekasirika, tungoje. Hapo ndipo akili iliponijia kwamba nilikuwa namwomba mwenye kuwasha moto anisaidie kubeba maji. Nikaacha kumwangalia karani nikaanza kumwangalia mkubwa, kama Ndahani alivyonifundisha kutazama chini kabla ya kutazama juu. Nikaona jambo. Kila asubuhi, kabla ofisi haijafunguliwa, Bwana Miwani alikwenda peke yake nyuma ya jengo, palipowekwa chombo cha kupimia mvua. Ilikuwa kiangazi, na kiangazi cha Dodoma hakina hata wingu la kumdanganya mtu. Bwana Miwani aliinama kila siku akachungulia chombo kikavu, akaandika daftarini kwamba hakuna kitu, akarudi. Hakuna aliyemfuata huko, kwa sababu hakukuwa na cha kutazama.

Mahali pa kusema naye nilikuwa nimepata. Sasa nilihitaji kitu cha kushika mkononi, maana mkubwa mpya aliyejazwa maneno hawezi kuondolewa maneno hayo kwa maneno mengine. Nilitembea hadi Mkonze kwa Mama Masinga. Mume wake alikuwa mchungaji, na mama huyu alikuwa ameleta habari za waya mara mbili, mara ya pili akiwa na mimba kubwa. Nilimkuta mlangoni pa nyumba yake ya tembe akipeta uwele. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mbukwenyi, mama," nilimsalimu kwa lugha ya kwao.

Aliitikia, lakini hakunikaribisha. "Umekuja na askari?"

"Nimekuja peke yangu. Naomba bangili moja ya Mzee Ndahani."

"Sina bangili. Hapa hakuna mtu mwenye bangili. Uliza kijiji chote."

"Mama, wanataka kumchapa ishirini na tano Jumamosi."

Aliacha kupeta. "Na nikikupa, halafu Mzungu akauliza umeitoa wapi?"

"Nitasema nimeipata kwangu."

"Nyie watu wa ofisi," alisema kwa ghadhabu. "Mlitwambia tuvae ionekane. Ncha nje, ionekane! Tukavaa. Sasa wanangu wanalala na hofu kwa sababu ya kitu tulichopewa kwa kufanya vizuri." Aliingia ndani, akafukua kwenye majivu ya jiko, akatoka na bangili mbili nyeusi kwa masizi. Alinipa zote mbili. "Moja ni ya kumtoa. Nyingine ukitaka mtupie karani wenu."

Asubuhi iliyofuata nilisimama kando ya chombo cha mvua nikiwa nimevua kofia. Bwana Miwani alipotokea kona alishtuka kidogo.

"Bwana mkubwa, naomba kusema."

"Ofisi inafunguliwa saa mbili. Mwambie karani."

"Nikimwambia karani, bwana, utasikia maneno ya karani."

Alichungulia chombo chake kwanza, akaandika, akafunga daftari. "Jina lako?"

"Iddi, fundi wa waya."

"Wewe ni mwanafunzi wa yule mwizi."

"Mimi ni mwanafunzi wa Ndahani, bwana. Kama ni mwizi, nimekuletea alichoiba." Nikamwekea bangili mkononi. Sikusema kwamba Ndahani ni mtu mzuri. Sikusema kwamba karani ni mwongo, ingawa ulimi ulikuwa unawasha. Nilimwonyesha ncha ya kwanza na ncha ya pili, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu. "Mtu anayetaka kuiba waya wa serikali hupanda na koleo, bwana. Anakata huku na anakata huku. Ncha zote mbili zinakuwa bapa. Hii ncha moja alikata twiga."

"Mtu anaweza kuichonga kwa tupa."

"Anaweza. Lakini tupa inaacha mikwaruzo. Na ile uliyoivua mwenyewe Mkonze iko mezani kwako, itazame kama si hivi hivi."

Alivua miwani, akaisogeza bangili karibu kabisa na jicho. Nilimwona akibadilika. Kumbe mtu huyu alikuwa anapenda vyuma kuliko alivyopenda watu, na kwa mara ya kwanza tangu afike, kulikuwa na mtu aliyemletea chuma badala ya habari. Aliniamuru nilete mashine ya kukazia waya. Nilifunga kipande kizima cha shaba kati ya nguzo mbili za ua, nikazungusha mkono wa mashine, naye akiwa amechuchumaa pembeni. Waya ulilia, ukapungua unene tukiuona kwa macho, kisha ukaachia kwa kishindo. Alikimbilia ncha. Akaziweka tatu juu ya dirisha: ya kwetu, ya Mama Masinga na ile ya mezani kwake. Hazikuwa na tofauti.

"Basi hakukata," alisema.

Karani Abdalla alikuwa ameshafika na funguo, amesimama anasikiliza. "Bwana," alisema taratibu, "muulize huyu Iddi nani alisema kwamba Ndahani huwaita twiga kwa mluzi. Mimi sikusema. Alisema yeye, mbele ya watu wote."

Bwana Miwani alinigeukia. "Ulisema?"

Ningeweza kukana. Mpishi na askari wangeapa upande wowote waliouona una nguvu. Lakini niliwaza kwamba nikisema uongo pale, hata zile ncha hazitaaminiwa.

"Nilisema, bwana."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Ulikuwa mzaha."

"Mzaha." Alilirudia neno hilo kama mtu anayelitafuta kitabuni. "Mimi nimeandika katika ripoti ya serikali kwamba mwanafunzi wake mwenyewe ameshuhudia."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mzee alivikwa mnyororo kwa sentensi yangu. Karani Abdalla, kwa hila zake zote, hakuwa ameleta shahidi. Shahidi nilikuwa mimi na kashata yangu.

Viboko vilifutwa. Mnyororo ulifunguliwa siku ileile. Lakini Bwana Miwani aliuliza Ndahani aliruhusiwa na nani kutoa mikia, nikasema Bwana Ndevu, akauliza karatasi iko wapi. Hapakuwa na karatasi. Ndahani akafukuzwa kazi kwa kutoa mali ya serikali bila idhini, na mikia ikaamriwa irudi ghalani, ambako ililundikwa mpaka ikaota kutu ya kijani. Karani hakuguswa, na mimi sikuguswa. Kesho yake asubuhi niliamriwa nibebe ngazi ya Ndahani. Wachungaji nao walirudia kugeuza ng'ombe wao, waya ukawa unalala chini siku tatu kama zamani, na barazani wakashangaa kwa nini kazi imekuwa ngumu.

Siku alipofunguliwa nilimsindikiza Ndahani hadi kwake. Alikuwa amekaa na chuma kile siku kumi na moja, na alitembea shingo imekaza kana kwamba bado kipo. Tulipokaribia Mkonze akasimama.

"Iddi, nani alisema nawaita twiga?"

"Mimi, mzee."

"Nilijua. Wenzangu wa mnyororo waliniambia. Nilitaka nisikie kwako mwenyewe." Alijishika shingo. "Kwa Mzungu umekwenda ukasema kweli. Nakushukuru. Lakini Mzungu ni mmoja, tena ataondoka. Yale maneno uliyasemea wapi?"

"Barazani."

"Basi nenda barazani," alisema, akaingia kwake.

Nilikwenda kesho yake adhuhuri, wakati wote wapo: karani, mpishi, askari wa zamu, na wapita njia wawili watatu waliokuja kwa kahawa. Nilikataa kikombe, nikasimama katikati. Nilisema kwamba Ndahani hajawahi kumpigia twiga mluzi, hajawahi kukata waya wa serikali hata wa urefu wa kidole, kwamba niliyoyasema nilitunga ili niwachekeshe, na kwamba nimemdhulumu mtu aliyenishusha salama kutoka juu ya nguzo. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa tayari kupigana.

Karani Abdalla aliinua kikombe chake, akapuliza. "Kaa, Bwana Iddi, utapoozesha kahawa ya watu. Sisi tulijua tangu mwanzo kwamba si kweli."

"Hata mimi nilijua," alisema mpishi. "Twiga anaitwaje kwa mluzi?"

"Yalikuwa maneno tu," alisema askari, na wakacheka kidogo, kwa upole, wakanisogezea nafasi nikae.

Walijua. Nimefanya kazi chini ya Wazungu waliotupiga na Wazungu waliotudharau, na hakuna aliyenikasirisha kama wale watatu waliojua. Wangekuwa wameamini, ningewaita wajinga na kuwasamehe. Walijua siku ya kwanza, wakajua mzee alipopita mbele yao na jiwe kichwani, wakahesabu siku zilizobaki mpaka Jumamosi, na kahawa ikapita kooni. Vijana, mkae mbali na watu wa namna hiyo, na mkijikuta mmekaa nao, mnyanyuke hata kama kazi haijaanza.

Nilirudi Mkonze siku ileile. Ndahani alikuwa amekaa kwenye kigoda, binti yake anamkanda shingo kwa samli ya moto.

"Umesema?"

"Nimesema, mzee. Yote, mbele yao wote."

"Walisema nini?"

Nilimtazama ile shingo. "Hawakusema kitu," nilimjibu. "Waliona haya. Waliinamisha vichwa, wote watatu."

Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu afungwe. Akamwambia binti yake atuletee ugali. Tulikula chungu kimoja. Nimemsemea Mzee Ndahani uongo mara mbili katika maisha yangu. Wa kwanza nimeutubu kila siku niliyopanda nguzo. Huu wa pili sijautubu, na asitokee mtu wa kuniambia niutubu.